Kabati la Baba na Meza za Magurudumu

...na aliyeianza habari ya kabati ni shangazi, mwaka ule waliomzika baba, ameketi jikoni anamenya viazi, akiwasimulia majirani kama kichekesho, kwamba ndugu yake alikuwa na kabati moja refu alilolifanya ukuta, watoto upande huu, wakubwa upande ule, na kila mtoto alipoondoka nyumbani kabati lilisukumwa siku hiyo hiyo, hata godoro halijapoa, majirani wakacheka, na binti wa marehemu akacheka nao... "Shika hapo, mama, usiachie," anaita fundi seremala kutoka mwisho wa chumba, yule wanayemwita Milimita kwa kuwa hajawahi kuridhika na kitu cha kukadiria, naye, binti yule, msanifu wa jengo hili, anashika, ncha ya tepu ameibana kwa kidole gumba kwenye ukuta wa mbao, ukuta wa uongo, maana maabara yote hii ni ya uongo, mbao na gundi tu, ameichora yeye, ikasimamishwa ndani ya bohari kwa ukubwa wake kamili ili watafiti wa chuo waizunguke na kuikosoa kabla tofali la kwanza halijawekwa, meza zina magurudumu, umeme na hewa vinashuka kutoka darini, unachomeka, unachomoa, kuta zinafunguliwa kwa bisibisi, masinki tu ndiyo yaliyojipanga pembeni na hayaendi popote, kwa kuwa maji machafu hayajui mambo ya kisasa, leo anakuja mtu wa vimelea vya damu, kesho kutwa mtu wa saratani na majokofu yake, halafu mwingine ana darubini isiyotaka hata jirani apige chafya, na jengo liwapokee wote bila kuvunjwa, hivyo ndivyo alivyowaahidi wakampa kazi... "Na hapa?" anauliza profesa, mkuu wa watafiti, mikono nyuma, amesimama katikati ya sehemu pekee isiyo na kitu, "hapa mbona mmetuachia uwanja wa mpira?" na wasaidizi wake wanacheka kwa adabu, naye anajibu bila kugeuka, kwa sababu ya tepu, kwamba hapo ni pa kungojea, profesa, kundi likiondolewa chumbani mwake wakati kinatengenezwa upya lipate pa kukaa, na anayekuja bila taarifa naye apate pa kuanzia, "Pa kungojea! Watu nilionao wamebanana kama njiti za kiberiti, wewe unanijengea pa kungojea? Mtu akija, mwingine atakuwa ameondoka," na akiondoka, anauliza msaidizi mmoja, meza yake inakuwaje, "Inasukumwa," anasema yeye, "siku hiyo hiyo," na sauti iliyotoka si yake, ni ya baba, kavu vile vile, kama mtu anayezungumzia mvua... yeye mwenyewe alirudi likizo ya kwanza ya shule ya bweni, sanduku kichwani, akakuta kabati limekaa palipokuwa na kitanda chake, akalala miguuni kwa shangazi, hakuuliza, na kaka ndiye aliyeuliza, kaka mkubwa, aliyekwenda migodini akarudi usiku mmoja bila kutuma salamu, akasimama mlangoni na begi lake, akatazama, akasema, "Kumbe nilikufa na hamkuniambia?" na baba akacheka mpaka akafuta machozi, kaka akalala kitini, asubuhi hayupo, hata mazishini hakuonekana, na sasa tangu Jumapili ujumbe wake umo ndani ya simu, mfukoni, unamchoma paja, mdogo wangu, kazi imekwisha, kifua nacho kimechoka, una pa kunilaza? na hajamjibu, atajibu nini, chumba cha pili nyumbani kwake amekijaza mabunda ya michoro hadi darini, alikijaza juma lile lile mume wake alipohamisha nguo zake, akijiambia ni busara, nafasi isikae bure, na tangu hapo anakula amesimama, kando ya jiko, redio imewashwa ili kuwe na mtu anayezungumza... "Tukubaliane basi," anasema profesa, "meza mbili ziingie hapa, ukuta usogee, kazi iendelee, fundi, pima," na Milimita anavuta tepu, lakini shangazi alisema na jambo jingine siku ile, hilo majirani hawakulisikia kwa vicheko vyao, aliweka kisu chini akalisema kwa viazi tu, kwamba kaka alipoondoka mara ya kwanza, kabla ya desturi ile ya kabati, hakuna aliyegusa kitu, kitanda kilibaki kimetandikwa, na baba kila jioni aliingia pale akakaa ukingoni, chakula kikipoa, akitoka anasema ameshiba, akawa anakwisha, mpaka mama akamwambia, sukuma hilo kabati, baba watoto, ule chakula... ule, alisema ule, mbona neno hilo lilimpita sikioni miaka yote, naye akimhesabu baba kuwa mtu anayefuta watu, akaenda kusomea kufuta vizuri zaidi, kwa magurudumu, kumbe mzee alikuwa anatafuta njia ya kumeza tonge, na kaka hajui, hakuna aliyemwambia, begi lake bado liko mlangoni pale kichwani mwake, na wa kumwambia amebaki mmoja... "Mama, umelala?" anaita Milimita, penseli sikioni, "ukuta uje hapa au ubaki kule? Mimi nikishatia alama sifuti," na anasikia sauti yake, safari hii ni yake mwenyewe, imepasuka kidogo, "Ubaki kule, fundi," na profesa, "Hee, huyu mama ana kichwa kigumu!" na yeye, "Meza mbili nitakutafutia kwingine, profesa, lakini hapo pabaki wazi, mtu akija akute pake," na profesa anakuna kidevu, hajakubali, hajakataa, anaomba aonyeshwe hicho kipimo tena, "Shika hapo, mama," na leo jioni mabunda yatatoka, yakakae koridoni, yakakae popote, kitanda kipo chini yake, shuka zipo, njoo kaka, ndilo atakaloandika mikono ikiachwa huru, njoo, na kuna habari ya kabati hukuisikia hadi mwisho... mama alitangulia, baba akamfuata, shangazi naye amekwisha kwenda na kisu chake cha viazi, na wa kabati lile walio hai ni wawili, yule mwenye begi huko aliko, na huyu hapa, kidole gumba kwenye ukuta wa mbao, hajaachia.