Mpaka Thekla Aseme Tumefika

Penye njia panda ya kwanza, chini ya msalaba wa mawe, Thekla alishika breki akashusha mguu mmoja. Nyuma yake majirani nao wakasimama kwa mlio wa breki na kengele, wakautazama mgongo wake. Kulia kulikuwa na mashamba ya shayiri. Kushoto pia kulikuwa na mashamba ya shayiri. Naye hakujua anawapeleka wapi.

Kila Jumatatu ya Pentekoste mtaa wa Ellerbrok hupanda baiskeli kwenda safari ya mwaka, na kila mwaka huwa zamu ya nyumba moja kuongoza. Mwenye zamu huchagua makasri ya kupitia na mahali pa kumalizia, kisha huifungia siri hiyo kifuani. Hamwambii mtu, na mtu hamwulizi. Kwingine wanasema kuuliza si ujinga. Ellerbrok, siku hiyo, kuuliza ndio ujinga wenyewe, na anayeteleza akauliza hutaniwa mpaka Krismasi. Watu hufuata tu kama bata na mama yao, hadi kiongozi ashuke na kusema, "Tumefika." Kabla ya neno hilo chupa ya pombe ya nafaka haifunguliwi, hata ndimi zikauke namna gani.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Aloys, mume wa Thekla, na Aloys alizikwa wakati wa Kwaresima.

Majirani walimwambia mjane apumzike, zamu ipite nyumba ya pili. Alikataa kwa ukali hata mwenyewe akajishangaa. Majira yote ya baridi Aloys alikuwa akitoka peke yake na baiskeli, anarudi na matope mpaka magotini, kisha anacheka jikoni bila kusema anacheka nini. Basi safari ilikuwepo. Ilikuwa tayari kichwani mwake, na kichwa kikaenda nayo kaburini. Thekla alitaka jambo moja tu, kuwafikisha watu pale Aloys alipotaka wafike. Alikuwa na imani, usiniulize ya dini gani, kwamba akianza kukanyaga pedeli barabara yenyewe itamwonyesha.

Akakata kushoto.

Barabara haikumwonyesha kitu. Ilipita kwenye mialoni, ikavuka kijito, ikawaleta mbele ya kasri la Rautbeck, matofali yake mekundu yakijitazama katika handaki la maji. Thekla alitaka kupita moja kwa moja. Lakini penye mabanda ya zamani ya farasi palipogeuzwa mkahawa, msichana mwenye aproni alikuwa amesimama njiani anawapungia.

"Karibuni, karibuni. Ellerbrok, siyo? Meza yenu ile pale, kahawa moto."

Meza ndefu ilikuwa imeandaliwa, vikombe vimepangwa, keki ya plamu imekatwa.  Thekla alitamani kumshika msichana mabega amwulize nani kaagiza, lakini kiongozi anayeuliza ni kiongozi asiyejua njia, na majirani walikuwa wamemzunguka. Akaegesha baiskeli. Wote walipokwisha kukaa kilibaki kiti kimoja, na mbele yake kikombe safi na kipande cha keki.

Walikuwa watu kumi na mmoja. Mwaka jana, Aloys akiwa hai, walikuwa kumi na wawili.

Thekla alikitazama kiti kile, akili ikamzunguka kama pia. Basi Aloys alipita hapa. Aliagiza mwenyewe akiwa mzima, akajihesabu. Kwa furaha akaisahau keki yake.

"Kuleni haraka," alisema. "Bado."

"Kiongozi kasema bado," alisema Rita, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mnene ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Jamani, mwacheni Ludger amalize kwanza kukojoa. Yuko nyuma ya mti tena."

Ludger ndiye jirani wa kwanza, yaani ukuta wa nyumba yake unatazamana na wa Thekla upande wa kushoto. Ujirani wa namna hiyo Ellerbrok si wa kuombana chumvi. Aloys alipokata roho, Ludger ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kutoa habari, na ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza. Safarini kazi yake ni kukaa mkiani na pampu na viraka vya pancha. Leo alikuwa akichelewa kila mara, anajichimbia vichakani, anarudi mbio uso umemwiva.

"Kibofu hicho kipeleke kwa fundi, bwana," Rita alimwambia. "Utakikuta njiani siku moja."

"Umri, Rita. Ngoja na wewe zamu yako."

Thekla hakucheka. Alikuwa akifikiri. Kwenye njia panda iliyofuata moyo wake ulimwambia kushoto, naye kwa makusudi akakata kulia. Alitaka kumjaribu marehemu, Mungu amsamehe. Wakapita mashamba ya mahindi machanga, wakapita kinu cha zamani, na baada ya mwendo mrefu wakatokea Holtwarde, jumba la mabwana wa zamani ambalo sasa ghala lake linauza stroberi na nyama ya kukaushwa. Mlangoni alisimama mkulima mwenye mabuti ya mpira, anafuta mikono.

"Ndio nyinyi? Ingieni. Mkate ndio nimemaliza kukata hivi sasa."

Meza ilikuwepo, mkate mweusi na vipande vya paja la nguruwe. Na kiti kilizidi kimoja.

Sasa Thekla aliogopa. Aloys alijuaje kwamba angekata kulia? Au aliagiza meza katika kila kasri la wilaya nzima? Aloys, aliyekuwa akikausha karatasi ya kuchujia kahawa ili aitumie tena? Kila alipodhani ameshika ncha ya uzi, uzi ulimponyoka. Akaketi karibu na kiti kitupu, kwa siri akaweka mkono juu ya egemeo lake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakujisikia mpweke.

"Bado," alisema tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayefuatwa na bahati.

Akawaongoza kwa kasi, hakuchagua tena, anakata kona popote gurudumu linapoelekea. Manyunyu yakaanza. Njia ikawa nyembamba, ikawa ya mchanga, ikaishia Darbeck, kasri dogo kuliko yote, mnara mmoja na handaki lililojaa majani ya maji. Geti lilikuwa na kufuli. Hakukuwa na aproni wala mabuti. Bata bukini wawili waliwazomea, basi.

Majirani walisimama mvuani, hakuna aliyeuliza. Rita alijaribu kupita kando ya mwiko.

"Thekla, mama, mimi siulizi. Nasema tu kwamba makalio yangu yalishafika zamani. Yanakungoja wewe."

Thekla alimpita. Alizunguka ukuta mara mbili akitafuta meza, na alijua jinsi anavyoonekana. Ama hapa ndipo mwisho, ama Aloys ameuachia mkono wake. Akajificha nyuma ya banda la mashua alie kidogo bila kutazamwa, akamkuta Ludger amempa mgongo, simu sikioni.

"Sikia, usiniulize sababu," Ludger alikuwa akisema. "Weka meza tu. Sijui kama atapita hapo, lakini nikikupigia ujue kapita... Ndiyo, kahawa na chochote ulicho nacho. Watu kumi na wawili."

Aligeuka akamwona. Simu ilimshuka mpaka kiunoni.

"Ni wewe," alisema Thekla.

"Thekla..."

"Rautbeck. Na Holtwarde. Wewe na kibofu chako."

"Ulikuwa umesimama pale njia panda unatetemeka. Nikasema, huyu hajui, na tukimwambia tunajua hajui tutamuua. Basi nikawa naangalia unakata wapi, napiga simu mbele." Alijifuta mvua usoni. "Wengine nao walijua. Si kwa ubaya."

Aibu na hasira vilimpanda Thekla pamoja, lakini juu ya vyote ulikuwa uchungu, kwa sababu asubuhi nzima alikuwa na mume na sasa hakuwa naye tena.

"Na kile kiti? Mlinichezea na kiti pia?"

Ludger hakuelewa. "Kiti gani?"

"Tuko kumi na mmoja, Ludger. Umeagiza vya kumi na wawili. Hata sasa hivi umesema kumi na wawili."

Alianza kuhesabu kwa vidole, akafika katikati akaacha. Mzee huyu aliyetangulia mbele ya jeneza bila kutikisika sasa kidevu kilimcheza kama cha mtoto.

"Nimemhesabu," alisema. "Haki ya Mungu sikufanya makusudi. Miaka yote hii tuko kumi na wawili, mdomo umesema wenyewe."

 Kisha Thekla akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata padri.

"Alitaka kuniambia. Hospitalini, siku ya mwisho mwisho. Akasema, Thekla, ile safari... nikamziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia nyamaza, usiniharibie. Mtu anakufa, mimi nalinda mwiko wa baiskeli." Akapumua. "Wewe hakukwambia?"

"Mimi? Ningemwuliza vipi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyejua, na hakuna atakayejua. Thekla alijipangusa macho kwa kiganja, akatoka nyuma ya banda. Majirani walikuwa wamejikunyata chini ya mti mmoja, vigilasi vyao vya pombe vikining'inia shingoni kwa uzi, vitupu tangu asubuhi. Alilaza baiskeli yake kwenye majani.

"Tumefika," alisema.

Rita alitazama geti lenye kufuli, akawatazama bata bukini. Ulimi ulimwasha, ukamshinda.

"Ni hapa Aloys alipotaka?"

Wote waliinamisha macho. Mwaka mwingine wangemzomea kwa kuuliza.

"Ni hapa nilipowaleta mimi," alijibu Thekla.

Ludger akafungua chupa, akapita akimimina. Walikuwa hawajainua vigilasi simu yake ilipolia, ni yule aliyeambiwa aweke meza, akaitazama kama mwizi aliyekamatwa. Thekla alinyoosha mkono akaichukua.

"Ndiyo, ni sisi," alisema. "Tunakuja, kahawa iache jikoni isipoe. Ila mama, hesabu ilikosewa. Tuko kumi na mmoja. Kiti kimoja kiondoe."