Riwaya Kama Alivyozisoma Dada

Asubuhi dada mkubwa aliposhindwa kuamka, chai yake ilikuwa imeshamiminwa. Mdogo wake, fundi cherehani, alimwita kutoka chumba cha mbele, kwanza kwa utani, "Mheshimiwa, wateja hao," kisha kwa sauti nyingine. Moyo uliomsumbua miaka yote ulikuwa umesimama usingizini.

Mpaka siku hiyo mmoja alishona, mwingine alisoma. Moyo ule haukumruhusu dada kukanyaga cherehani, basi alikaa kwenye kiti cha wateja na riwaya zake za mapenzi zilizochakaa, akazisoma kwa sauti. Watu waliokuja kupunguza suruali walisahau kuondoka. Wanaume wa riwaya zile walikuwa waungwana ajabu. Msichana akisema hapana, mwanamume alisema sawa, akachukua kofia yake akaenda zake.

"Hawa wanazaliwa wapi?" fundi aliuliza, pini zikiwa mdomoni. "Tupe anwani."

"Shona wewe."

Baada ya mazishi, kimya cha dukani kilimtafuna fundi. Akamwomba binti wa marehemu, aliyebaki mikononi mwake, amsomee kidogo. Binti akachukua riwaya ambayo fundi aliijua karibu kwa moyo. Mle ndani mwanamume akambana msichana ukutani, akamminya mkono mpaka akalia, akambusu kwa nguvu. Msichana akamzaba kofi. Kisha miguu ikamlegea, akajua huyu ndiye.

"Umeruka mahali," fundi akasema. "Hapo anamwachia. Anaomba radhi."

"Hakuna radhi hapa, mama mdogo. Angalia."

Fundi akaiacha cherehani, akasoma mwenyewe. Akafungua kitabu kingine, na kingine. Huyu alimfungia mpenzi wake ndani kwa wivu. Yule alimpiga wake, kisha akalia mwenyewe, na machozi hayo yakatosha asamehewe.

"Kumbe mama alikuwa anabadilisha," binti akacheka. "Mimi nilizisoma chumbani zamani, nikashangaa mbona zake hazina chumvi."

Hapo fundi akaelewa. Dada aliyachukia mambo yale kiasi cha kutotaka ulimi wake uyaguse, ila hakuwahi kusema anayachukia, wala kwa nini. Aliyatoa kimya kimya kama mtu achambuaye mchele, na walaji wakadhani mchele huja bila mawe.

Binti alikuwa na mchumba, muuza vipuri vya magari. Alimkataza kutembelea shoga zake. Kila walipokutana aliichukua simu yake na kuikagua. Fundi aliyaona hayo hata dada alipokuwa hai, akanyamaza, maana mwana ana mamaye. Sasa mamaye hayupo.

"Mwanangu, mtu anayekukagua simu hivyo..."

"Ana wivu tu. Asiyekupenda atakuonea wivu wa nini?"

"Hata mbwa wa mlangoni ana wivu."

"Atabadilika tukishaoana. Hata huyu wa kitabuni alibadilika."

"Alibadilika ukurasa wa mwisho. Nani aliwahi kwenda kumuuliza yule msichana baada ya hapo?"

"Mama mdogo, wewe hukuolewa," binti akasema, bila ubaya wowote. "Utajuaje?"

Fundi akarudi kwenye cherehani. Dada angekuwa na jibu. Alikuwa nalo miaka yote, akaondoka nalo.

Siku ya kupima gauni la harusi, binti alivua blauzi, akainua mikono. Juu ya kiwiko cha kulia palikuwa na alama za vidole vinne, zimeanza kugeuka manjano. Utepe wa kupimia ukasimama hapo hapo.

"Nilitaka kuanguka, akanidaka," binti akasema kabla hajaulizwa.

"Usiolewe naye. Kaa hapa. Nyumba ni yako, na mimi nipo."

Binti aliutazama mlango. Mdomo ulimcheza kama mtoto anayekaribia kulia, halafu akaubana.

"Tulisema mikono mifupi," akasema, "lakini niwekee mirefu. Ndiyo inayovaliwa siku hizi."

Fundi akapima kutoka begani mpaka kifundo cha mkono, akaandika.

Harusi ni Jumamosi. Gauni limekwisha, limepigwa pasi, na linaning'inia nyuma ya mlango. Muuza vipuri amesema atakuja kulichukua mwenyewe.