Wimbo Uliochechemea

Wagonjwa walimpachika jina la Mama Mazoezi, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu kwenye miguu yao: waliovunjika, waliolala sana vitandani, na hasa wale ambao kiharusi kiliwapitia upande mmoja kikawaachia mguu mzito kama gogo. Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa ujia wa hospitali. Kilikuwa na vyuma viwili virefu vya kushikilia wakati wa kutembea, mikeka ya mpira, kioo kilichofunika ukuta mzima, na redio kuukuu juu ya kabati.

Redio ile ndiyo iliyoanzisha mambo. Mama Mazoezi alijua, kama wajuavyo wengi wa kazi yake, kwamba mguu uliosahau kutembea husikia muziki kabla ya kusikia amri. Mwambie mgonjwa anyanyue mguu, atakutazama tu. Mpigie wimbo, mguu unaanza kujisogeza wenyewe. Tabu ni kwamba nyimbo za redioni zilikuwa na haraka zake. Zilitungwa kwa ajili ya watu wanaocheza, si watu wanaojifunza upya kusimama. Wagonjwa walizifukuzia, wakashindwa, wakakaa chini wamenuna.

Akamwendea shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa fundi wa kompyuta.

"Shem, nipunguzie huu wimbo mwendo."

Shemeji akaupunguza. Mwimbaji akatoka na sauti ya mlevi anayeapa kwamba hajanywa kitu. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kuliko kumtesa huyu bwana," shemeji akasema, "tunga wako."

"Mimi? Sijawahi kugusa hata filimbi."

"Filimbi ya nini, shemeji? Kuna programu ya bure, hakuna cha leseni wala nini. Unabonyeza tu, yenyewe inapiga."

Akaipakua kwenye kompyuta ya nyumbani, ile ambayo watoto waliitumia kwa kazi za shule, akamwonyesha. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari ya vijisanduku. Mstari wa juu ulikuwa wa ngoma kubwa, unaofuata wa ngoma ndogo, kisha kayamba, kisha besi, kisha kinanda. Ukibonyeza kijisanduku, kinawaka. Mshale unapita kutoka kushoto kwenda kulia, na kila unapogusa kilichowaka, sauti inatoka. Pembeni kulikuwa na namba ya mwendo, unaishusha na kuipandisha utakavyo.

Shemeji alipoondoka, Mama Mazoezi akaona ameyaweza. Akawasha vijisanduku vingi, maana vilikuwa vya bure, akabonyeza kitufe cha kupiga. Ikawa kama kabati la sufuria limeporomoka ngazini.

"Kuna kitu kimeanguka huko?" mumewe akauliza kutoka jikoni.

"Natunga."

"Haya, tunga polepole. Tuna majirani."

Jumapili alasiri, nguo zikishaanikwa, ukawa ndio wakati wake. Kitu cha kwanza alichojifunza ni kuzima. Alizima kayamba, akazima nusu ya ngoma, akashangaa kwamba kadiri alivyoacha nafasi tupu ndivyo muziki ulivyoanza kupumua. Akashusha mwendo mpaka ukawa wa mtu anayevuka ujia ameshika ukuta. Mwishowe akapata kitu: ngoma kubwa ya mguu mmoja, ngoma ndogo ya mguu wa pili, besi chini yake, na juu yake kinanda kikirudiarudia sauti chache tamu. Akautia kwenye flashi, akaenda nao kazini kuupiga kwenye kompyuta ya huko, akiwa na wasiwasi kama bibi harusi.

Wa kwanza kuusikia alikuwa Dereva. Huyu alikuwa mtu wa miraba minne, ameendesha malori ya masafa marefu tangu ujana wake, na kiharusi kilikuwa kimemkamata upande wa kushoto. Mdomo kilikuwa kimeuacha salama. Akasimama katikati ya vile vyuma, akaanza kutembea. Mguu wa kulia ukafika pamoja na ngoma. Wa kushoto ukajikokota, ukafika ngoma imeshapita. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Akasimama.

"Mama, wimbo wako una ubaguzi."

"Kivipi, mzee?"

"Unaubeba mguu wa kulia, wa kushoto unauacha stendi."

Roho ilimuuma. Jumapili zake zote zile, halafu anaambiwa hivyo mbele ya watu. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na neno lile halikumtoka kichwani. Siku iliyofuata alimtembeza Dereva bila muziki, akasimama nyuma yake, akafumba macho na kusikiliza ndala zake sakafuni. Pa, kimya, taa. Pa, kimya, taa. Kile kimya hakikuwa cha ovyo. Kilikuwa kile kile kila hatua. Mguu wa kushoto ulikuwa na saa yake, na hakuna aliyewahi kuutungia wimbo.

Aliporudi nyumbani akampigia shemeji simu.

"Nataka ngoma ya pili ichelewe kidogo. Vijisanduku havikubali."

"Shemeji, watu wanahangaika ngoma zao zikae sawa, wewe unataka kuziharibu?"

"Nataka wimbo uchechemee."

Shemeji akamwelekeza. Kulikuwa na kitufe kinachovuta kila sauti ikae ndani ya kijisanduku chake. Ukikizima, unaikamata sauti kwa mausi na kuiburuta popote. Mama Mazoezi akakizima. Akaiburuta ngoma ndogo mbele kiduchu, akasikiliza, akaisogeza tena. Ilipofika pale alipopakumbuka, akainuka, akatembea sebuleni na wimbo wake. Mguu wake mzima, usio na kasoro, ukaanza kujikokota.

Mumewe akamwona kutoka mlangoni. "Umeumia?"

"Hapana," akajibu, na uso wote ukamkunjuka. "Umekubali."

Dereva alipousikia, akasimama katikati ya vyuma. Aliweka mguu wa kulia. Akauvuta wa kushoto, na ngoma ikamngoja, wakafika pamoja. Akapiga hatua nyingine. Akaenda mpaka mwisho wa vyuma, akageuka bila kuambiwa, akarudi. Jasho lilikuwa likimchuruzika.

"Sasa huu umepata dereva," akasema.

Kuanzia hapo Mama Mazoezi akawa na siri. Kila baada ya siku chache alifungua ile programu akairudisha ngoma ndogo nyuma, unywele tu, kuelekea kwenye kijisanduku chake. Siku nyingine alizidisha, Dereva akajikwaa, naye akaenda kuisogeza tena kimyakimya. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaonja, hakuishia kwenye ngoma. Aliipandisha besi ngazi ngazi, akabadili sauti ya kinanda ikawa nyororo kidogo. Asubuhi moja, amebeba taulo za chumba chake, alimkuta mfanyakazi wa usafi akipiga deki huku akipiga mluzi. Akataka kupita, kisha akautambua ule mluzi: ulikuwa wimbo wake. Alisimama pale na taulo zake, akawa hana haraka tena ya kwenda popote.

Siku mke wa Dereva alipokuja kuelezwa maendeleo, Dereva aliachia vyuma, akashika fimbo, akaagiza wimbo wake kama mtu aliyeulipia. Akavuka chumba kizima. Mguu wa kushoto ulikuwa ukifika kwa wakati. Aliporudi akakunja uso.

"Mama, umenibadilishia. Huu si ule wa kuchechemea."

"Si ule? Ngoja nikupigie ule."

Akafungua kompyuta, akautafuta ule wa kuchechemea aliouhifadhi tangu mwanzo, akaupiga. Dereva akaanza kutembea, akasita. Akaanza tena. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshatua chini, ngoma bado haijaja.

"Huu unachelewa," akasema.

"Haujabadilika hata kidogo, mzee. Ndio ule uliosema umepata dereva."

Dereva akautazama mguu wake kama mtu aliyekutana na rafiki waliyepotezana naye. Mkewe akageukia dirishani, akajifuta uso kwa mtandio. Kisha akauliza nani aliyetunga muziki ule.

"Mimi," Mama Mazoezi akasema. Hakutafuta neno la kulipunguza jibu hilo.

Jioni ile aliwakalisha mumewe na watoto sebuleni, akamwita na shemeji, akaupiga wimbo kwa spika kubwa. Watoto wakaanza kutikisa vichwa. Shemeji akauliza ile besi ameitoa wapi.

"Kichwani," akajibu.

Akakaa, akakunja mikono, akausikiliza mpaka mwisho. Hakuona cha kubadilisha.