Ubeti wa Tatu

Benta aliikumbatia laptopu ya mradi wa samaki kama mtu aliyebeba yai la jirani. Hakuiachia hata Mohamednur alipompangusia nafasi juu ya kaunta ya duka lake la redio pale Homa Bay. Mkono wa mwenye duka ni mwepesi, na Benta alikuwa amejiapiza kwamba wiki hii hataibiwa mara mbili.

Mara ya kwanza, kwa hesabu yake, alikwisha kuibiwa kanisani. Mwalimu wa kwaya, Mayaka, alirudi na sidi ya wimbo waliorekodi Kisumu, akasema kwa upole wa kuudhi kwamba katika ubeti wa tatu sauti ya Benta inakatika. Kwa hiyo kwenye tamasha la Rongo, Jumapili, Liz ndiye angeongoza. Liz! Aliyesimama nyuma yake miaka sita bila hata kukohoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Benta aliiomba ile sidi, akaicheza kwenye laptopu aliyopewa kuchapia ripoti za samaki, lakini vispika vyake vilikwaruza tu kama kuku wanaochakura. Ndipo akaja kutafuta hedifoni. Angemvisha Mayaka mbele ya kwaya nzima, ausikie uongo wake kwa masikio yake mwenyewe.

"Hii ni mia mbili, dada," Mohamednur alisema. "Hii ingine mia sita. Nikuwekee muziki?"

"Na muziki wako wa kujaribia, hata redio mbovu huimba. Nimekuja na wangu."

"Sawa, madam. Weka."

"Na ile nitajaribu ndio utanifungia. Si ati unitolee ingine huko stoo."

Akatoa rangi ya kucha mkobani, akaitia nukta nyekundu ile ya bei nafuu. Mohamednur alicheka mpaka akashika kaunta. Benta hakucheka.

Akaivaa. Ubeti wa tatu ukaja, na sauti yake ikapanda moja kwa moja, bila ufa. Alifurahi mno. Mayaka mwongo!

"Nifungie hii."

"Jaribu na hiyo ingine. Kujaribu si kununua."

Ndiyo tamaa yenyewe hiyo, Benta aliwaza. Lakini alitaka kujisikiliza tena, basi akavaa ile nzito ya mia sita.

Safari hii sauti zilikuwa mbili. Yake ilipanda, ikafika kwenye neno refu, pumzi ikamwishia, ikazimika kabisa. Chini yake, sauti ya Liz ikainuka taratibu, ikalipokea lile neno na kulibeba mpaka Benta alipopata pumzi. Kisha ikashuka, ikarudi mahali pake. Akarudia. Ikawa vilevile. Aibu ilimchoma. Miaka sita. Alikuwa amebebwa mara ngapi?

"Imeharibika?" Mohamednur aliuliza kwa wasiwasi. "Mbona unalia?"

"Haijaharibika. Inasikika."

"Basi nikufungie gani?"

Benta alizitazama zote mbili. Ile nyepesi, iliyozichanganya sauti mbili zikasikika moja, ingemrudishia Jumapili yake. Kwaya ingemwamini, Mayaka angekosa la kusema, na Liz, kama kawaida yake, angenyamaza.

"Usifunge bado," alisema. "Kuna mtu anakaa hapo nyuma ya soko. Nataka asikie kwanza."

"Nani tena?"

Benta alifuta uso kwa kiganja.

"Yule anatuongoza Jumapili."