Atanijua Kama Nani

Baba aliporudishwa nyumbani, daktari aliniambia tumpe chochote anachotaka. Nilidhani anazungumzia chakula, nikashangaa, kwa sababu saratani ya koo ilikuwa imeshafunga njia na hata uji tuliuchuja kwa kitambaa ndipo umpite. Lakini baba hakutaka chakula. Alitaka Meza ya Bwana.

"Mwaitu," aliniambia, "niitie mchungaji."

Kwa Kikamba, mwaitu ni 'mama yangu'. Baba aliniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake, Mbithe.

Kanisa letu hapa Katangi lilimtenga na Meza tangu siku alipomwoa Nzilani, mke wa pili. Mama yangu Kamene hakutengwa, kosa halikuwa lake. Kila Jumapili ya Meza yeye alienda mbele, akala mkate na kunywa kikombe, na baba akabaki benchi la nyuma na watoto ambao hawajabatizwa. Mama alikufa mwaka juzi akiwa mshirika kamili, akaimbiwa na akina mama wote wa ushirika. Baba hakuwa na shaka mama yuko wapi. Shaka yake ilikuwa ni kama yeye atafika.

"Akiniona nimefungiwa nje tena, atasema nini?" aliniuliza.

Mchungaji Ndunda alikuja siku hiyo hiyo, na hakuzunguka. Alisema rehema za Mungu hazishikwi na kanisa, ila kanisa lina utaratibu. Zamani baba angelazimika kumwacha mke wa pili. Sasa wa kwanza ametangulia, jambo limekuwa jepesi. Abariki ndoa na Nzilani, hapo hapo kitandani, kisha apewe Meza.

Mimi nikaona tumemaliza. Nilienda nyuma ya nyumba, nikamkuta mama mdogo, Nzilani, anapepeta ndengu, nikamweleza. Hakusimamisha ungo.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hapana sitaki. Nimekaa hapa nikiitwa wa nje miaka yote hiyo. Nimezaa nje, nimelima nje. Mama yako akiugua ni mimi nilimgeuza kitandani. Sasa baba yako ako na safari ya kwenda kwa bibi yake, mnataka nivalishwe pete ndio gari ipite."

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo. Wewe umesoma, usinizungushe. Na mimi nikifika huko, nitaketi wapi? Jikoni?"

Alicheka kidogo, nami nikacheka, lakini alikuwa hatanii. Nilimbembeleza nikiwa nimesimama, nikambembeleza nikiwa nimechuchumaa. Nilimwambia mzee anakufa. Akasema anajua, yeye ndiye anayemfulia. Nikachukua ungo wa pili nikaanza kupepeta.

Mimi ni mtu wa kutafuta dawa ya jambo. Nilifikiri mama mdogo hakuwa anakataa ndoa, alikuwa na swali, na mwenye jibu ni mchungaji. Basi nikamwita mchungaji tena kesho yake, nikawaketisha wote chumbani kwa baba, kwa sababu baba alisema jambo lake lisisemwe mbali na masikio yake.

Nzilani aliuliza bila kupepesa. "Mchungaji, wewe unijibu kitu kimoja. Huko juu, huyu atakuwa bwana ya nani? Yangu ama ya Kamene?"

Mchungaji alitabasamu kama mtu aliyeulizwa kitu anachokijua vizuri. "Mama, huko hakuna mume wala mke. Bwana mwenyewe aliulizwa swali kama hilo, akasema wakifufuka watu hawaoi wala hawaolewi. Tutakuwa kama malaika."

"Hakuna wa kwanza?"

"Hakuna wa kwanza, hakuna wa pili."

Nzilani alivuta pumzi, akajifunga leso upya. "Hapo sawa. Basi lete hiyo pete."

Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa tayari nikifikiria nani atashika chombo cha mkate na nani ataita akina mama waimbe. Kisha baba akaongea, kwa ile sauti yake iliyobaki ya kukwaruza.

"Na Kamene?"

"Mtaonana, mzee Musili," mchungaji alisema. "Kama ndugu katika Bwana."

"Atanijua?"

"Naamini mtajuana."

"Kama nani?"

Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga. "Kama ndugu, mzee."

"Ndugu niko nao wengi," baba alisema. "Ndugu hata huko Masii wako, na hawanitembelei."

Akageuza uso ukutani. Mchungaji aliongea kwa upole, juu ya utukufu, juu ya machozi kufutwa, juu ya kumwona Yesu uso kwa uso. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Yesu namjua," alisema. "Na yeye ananijua. Mimi na yeye hatuna shida. Ni Kamene nilikuwa nauliza." Kisha akasema tuache hiyo mambo ya pete.

Tangu hapo nilihangaika. Nzilani alivaa gauni lake la kijani la arusi ya binti yake, akaketi kando ya kitanda tangu asubuhi. "Mzee, mimi niko tayari," alimwambia. Baba alimwangalia vizuri. "Umependeza," akamjibu. "Sasa enda uvue, utalichafua na uji." Nzilani alitoka nje kulia, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata kwa mazishi ya mama.

"Ni mimi niliuliza," aliniambia. "Si ningenyamaza tu."

Nilimwambia ni mimi niliyewaketisha pamoja. Hilo halikumsaidia, wala mimi.

Nilimsomea baba habari za makao mengi ya mbinguni. Akaniuliza kama imeandikwa nani anakaa na nani. Nilimwambia Mungu aliyewaunganisha hawezi kuwatenganisha, akanikumbusha mchungaji alisema nini. Nina diploma ya afya ya jamii. Najua kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, najua kupima dawa ya maumivu. Mchungaji alikuja tena na kikombe kidogo na mkate, tayari kumaliza yote kwa dakika chache. Baba alimshukuru kwa kutembea juani, lakini akakataa. Mchungaji akafunika vyombo vyake na kitambaa, akabaki amesimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichojia. "Sikusema uongo, Mbithe," aliniambia. Nilijua hakusema.

Asubuhi aliyokufa, baba aliamka na akili timamu. Nzilani alikuwa amemwegemeza kifuani mwake, nami nikiwa mbele yake na bakuli. Alitaka kujua kama mama angali ana ile tabia ya kufanya kana kwamba hamwoni kila akimkasirikia.

"Ataniona?" aliniuliza. "Ama atanipita kama mtu wa kanisa?"

Nilimwambia atamwona. Nilimwambia atakuja mbio, atamshika mkono, ataanza kumgombeza palepale kwa kuchelewa.

Baba alinitazama. "Nani amekuambia?"

Nilikoroga uji. Nzilani naye alikuwa ananitazama juu ya bega lake, anangoja jibu lile lile.

"Fungua mdomo, baba," nikasema. "Uji unapoa."