Barua ya Maboresho

Mwenye nyumba wetu tunamwita Mzee Maboresho, na yeye anadhani tunamsifu. Kila mwaka, wiki moja kabla ya mikataba kuisha, hupita chumba kwa chumba na daftari lake, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama daktari aliyekuta mgonjwa kanenepa. Wiki inayofuata tunapata barua. Barua husema nyumba imeboreshwa, kwa hiyo kodi imepanda.

Mimi ni fundi wa nguo. Chumba changu ndicho cha mbele. Upande mmoja nalala, upande mwingine nashona. Nimekaa hapo miaka minne. Mtu akibanwa na sketi au akitaka suruali ipunguzwe, haulizi jina langu, anauliza yule fundi wa kona. Nikihama, hata mtaa wa pili tu, naanza upya kutafuta wateja. Mzee analijua hilo kuliko mimi.

Mwaka huu alipokuja kukagua nilifanya ujinga ambao mpaka leo najilaumu. Nilimpa kiti, nikampa chai, kisha nikaanza kujisifu.

"Mzee, hebu tazama mlango. Ule wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa. Huu kanitengenezea shemeji yangu."

Akaandika.

"Na dirisha lilikuwa na gunia, sasa lina vioo. Chini nimeweka vigae, maana ile sakafu ilikuwa mashimo matupu, sindano ikidondoka ndiyo basi tena."

Akauliza vigae ni vingapi. Nikamhesabia! Kwa kidole, kimoja kimoja, mtu mzima na akili zangu.

"Hongera sana, mwanangu," akasema. "Unaitunza nyumba kama yako."

Nikavimba kichwa siku mbili nzima.

Barua ikaja Jumatatu. "Kutokana na maboresho makubwa yaliyofanyika chumba namba moja, yaani mlango mpya wa mbao ngumu, dirisha la vioo na vigae vya sakafuni, kodi itaongezeka kwa nusu." Mkataba wangu ulikuwa unaisha Ijumaa hiyohiyo. Nisaini mpya kabla ya hapo, la sivyo Jumamosi analeta mtu mwingine kukiona chumba. Hasira zilinipanda mpaka nikaunguza pindo la gauni la watu kwa pasi.

Nikamgongea jirani yangu wa chumba namba mbili, dereva wa lori. Naye alikuwa na barua yake mkononi.

"Mimi kanipandishia kwa sababu ya bomba," akasema. "Bomba nimenunua mwenyewe!"

"Sasa tufanyeje?"

"Saini tu, fundi. Utamfanya nini? Nyumba ni yake."

Dume zima, linaendesha tani thelathini, linaogopa karatasi. Nikaenda kwa Mzee mwenyewe.

"Mzee, mlango ni wangu."

"Uko wapi huo mlango?"

"Chumbani."

"Na chumba ni cha nani?" Akanitazama kwa huruma. "Kasome mkataba, mwanangu."

Basi nikausoma. Miaka yote minne nilikuwa nasaini tu, nani ana muda? Kifungu cha tisa alikuwa amekiongeza mwenyewe kwa kalamu, baada ya mpangaji mmoja kuondoka na balbu: "Mkataba ukiisha, mpangaji atakirudisha chumba katika hali ileile aliyokikuta nayo." Nikarudia kukisoma, safari hii kwa sauti. Kisha nikampigia simu shemeji yangu, seremala.

"Shem, njoo na nyundo. Na patasi."

Ijumaa mchana tukaanza kazi. Shemeji, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia afunge mdomo ang'oe. Mlango wa zamani tuliukuta nyuma ya choo, tukaurudisha palepale, mchwa wake wakiwemo. Gunia likarudi dirishani. Nilipobandua kigae cha kwanza nililia, sifichi. Nilikuwa nimekinunua kwa kushona sare usiku na mchana, na sasa nakitoa ili nibaki nacho. Na kama Mzee angeamua kukomaa, Jumapili ningelala kwa dada na cherehani yangu kichwani.

Jumamosi asubuhi Mzee akafika na mama mmoja wa ofisini, viatu vya visigino. Tuliwasikia toka getini.

"Vigae, mama. Mbao ngumu. Utafurahi mwenyewe."

Akasukuma mlango. Mlango ukamwangukia. Yule mama akapiga hatua moja ndani, kisigino kikazama kwenye shimo, akakichomoa, akatazama gunia, akamtazama Mzee.

"Mzee wangu, mimi natafuta chumba, sitafuti banda la kuku." Akaondoka bila kuaga.

"Umeniharibia nyumba!" Mzee akanifokea, mlango bado kaushika.

"Kifungu cha tisa, Mzee. Hali ileile." Nikampa karatasi. "Mwandiko si wako?"

Akasoma. Akasoma tena. Alipoinua kichwa, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sasa mwanangu, mbona hatukuzungumza?"

Tukazungumza. Kodi ileile, miaka miwili, na orodha ya mali ya kila mtu ndani ya mkataba. Aliandika mwenyewe, juu ya meza yangu ya kukatia nguo: mlango wa fundi, dirisha la fundi, vigae vya fundi. Kalamu ikasimama.

"Sasa changu mimi ni kipi?"

"Kuta, Mzee."

Akapumua, akaandika kwa herufi kubwa kwamba kuta ni za mwenye nyumba. Ndipo mtu akakohoa nje. Alikuwa dereva, barua mkononi, na mkono wa pili bomba lake, bado linadondosha maji.

"Samahani, Mzee," akasema. "Kwangu plasta nilipiga mimi. Nyundo ya shemeji ipo?"

Mzee akaniomba karatasi nyingine.