Kamera Kubwa ya Cornel

Hashimu alikuwa mpiga picha wa Chang'ombe, mjini Dodoma. Studio yake ilibanana kati ya saluni na duka la nafaka, na kazi zake zilikuwa picha za pasipoti, mahafali ya chekechea, ubatizo, na mara mojamoja harusi. Kamera yake ilikuwa ndogo, ya aina wanayouziwa watu wanaoanza: mwili wa plastiki, lenzi moja iliyokuja nayo kwenye boksi, flashi inayochomoza yenyewe mwanga ukipungua, na gurudumu lenye vipicha vya mlima, ua na mtu anayekimbia. Ilikuwa imemlisha yeye, mkewe Mwajabu na binti yao Hidaya kwa miaka, naye hakuwahi kuionea haya mpaka siku alipoitwa kwenye hafla ya kumuaga mkuu mmoja wa idara kule Mtumba, kwenye mji wa serikali.

Siku hiyo jamaa mmoja aliyevaa tai aliitazama kamera, akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, kwamba mwanawe wa sekondari anayo kama hiyo. Watu wakacheka kidogo. Hashimu naye akacheka. Kisha akamaliza kazi akiifunika kamera kwa kiganja kila alipoishusha, kama mtu anayeficha kiraka cha suruali.

Hakumwambia Mwajabu. Lakini tangu hapo kila picha ilipomtoka vibaya, lawama aliisukumia kamera.

Ndipo ikaja harusi ya Sabrina. Sabrina alikuwa binti wa mama mdogo wa Hashimu, mtumishi wa wizara moja hukohuko Mtumba, na ndoa ilikuwa ifungwe Busi, Kondoa, nyumbani kwa bibi yao mzaa mama, Bibi Rukia.

"Ofisini wameniletea wapiga picha wao, nimewakataa," Sabrina alimwambia kwenye simu. "Nakutaka wewe, kaka. Na ninachotaka kuliko vyote ni picha ya bibi. Amekubali. Mwenyewe amesema atakaa apigwe."

Hilo lilikuwa jambo kubwa. Bibi Rukia alikuwa mtu wa kugeuza uso kila alipoona kamera. Picha yake pekee ilikuwa ile ya kitambulisho, ambayo yeye mwenyewe alisema ni ya mtu aliyekamatwa na polisi.

Hashimu akaenda kwa Cornel. Walianza kazi hii pamoja, lakini Cornel alikuwa amefika mbali, sasa alipiga picha za mikutano na matangazo, na kamera yake ilikuwa nyeusi, nzito, yenye mdomo mpana wa kioo.

"Kukuazima nitakuazima," Cornel alisema. "Ila njoo kesho asubuhi tukae nayo kidogo. Hii si kama yako."

"Kamera ni kamera, bwana. Mimi na wewe nani alimfundisha mwenzake kupiga picha?"

"Ulinifundisha wewe. Hata hivyo njoo."

Hakwenda. Aliona kwamba kwenda ni kukiri kuwa kuna asichokijua.

Walipokuwa wakifunga mizigo Mwajabu aliiona kamera ndogo imebaki juu ya kabati.

"Baba Hidaya, na hii?"

"Iache."

"Si uiweke tu kwenye begi? Huwezi kujua."

"Nitaonekanaje nayo mbele ya watu wa wizara?"

Mwajabu akafunga zipu ya begi.

Busi kulikuwa kumejaa. Hashimu aliponing'iniza kamera ya Cornel shingoni, aliona jinsi watu walivyompisha. Wafanyakazi wenzake Sabrina walimwita "mtaalamu". Bwana harusi mwenyewe, Halfani, alimuuliza kamera hiyo ni ya aina gani, naye akamjibu kwa maneno aliyoyasoma kwenye mkanda wa kamera. Uani, kwenye jua, alipiga picha nyingi, na kila aliyechungulia kioo cha nyuma alisema, "Mashallah."

Shida ilianza ndani. Chumba alichokuwa bibi harusi kilikuwa na dirisha moja dogo. Hashimu akasubiri flashi ichomoze, haikuchomoza, maana kamera hiyo haikuwa nayo. Akatafuta kwenye gurudumu ule mraba wa kijani unaoiachia kamera ifanye kila kitu. Haukuwepo, wala mlima, wala ua. Zilikuwepo herufi tu, na vitufe vingi asivyovijua. Alipotaka kuvuta picha karibu, lenzi haikuvuta. Ikambidi arudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Lakini kwenye kioo picha zilionekana nzuri, zenye mwanga mwororo, na nyuma ya watu pamelainika kama kwenye magazeti. Akaamua kuacha mipangilio yote kama Cornel alivyoiacha, asije akaharibu.

Bibi Rukia akaletwa. Alikuwa amevaa kanga mpya na mtandio wa zambarau ambao hakuna aliyewahi kuuona. Akakaa kitandani kando ya Sabrina, akamshika mkono na kuuweka juu ya goti lake.

"Nitazame wapi, Hashimu?"

"Hapa, bibi. Kwenye kioo hiki kikubwa."

Wanawake wakasogea, simu zikainuliwa. Hamida, dada yake Halfani, alikuwa mbele kabisa, simu imeshalenga.

"Jamani, simu chini," Hashimu alisema. "Mnanizibia mwanga. Hizi zitatoka nzuri kuliko za simu, subirini tu."

Hamida akashusha simu yake. Wengine wakashusha. Chumba kikatulia, na Hashimu akapiga. Bibi Rukia alitazama kioo bila kupepesa, na mwishoni, Sabrina alipomnong'oneza kitu sikioni, akacheka. Hashimu alilipata lile cheko. Alikuwa na hakika amelipata.

Aliporudi Dodoma akachomeka kadi kwenye kompyuta yake ya studio. Kompyuta ikaonyesha mafaili makubwa yasiyo na picha, kila moja ni mraba mweupe. Alijaribu kuyafungua kwa kila njia aliyoijua, yakakataa. Katikati ya hofu hiyo Sabrina akapiga simu kuuliza.

"Kadi inasumbua," Hashimu alisema. "Nahisi imeharibika."

Wakati huo aliamini anachosema, au nusu yake. Akampelekea Cornel kadi. Cornel akacheka kwa wema, akamweleza kwamba kamera yake huhifadhi picha mbichi, bila kuzipika kwanza kama zifanyavyo kamera ndogo, na zinahitaji programu yake. Akazifungua. Picha zikaanza kujitokeza, kubwa, kioo kizima, na cheko la Cornel likaisha taratibu.

Za uani zilikuwa nzuri. Za ndani, moja baada ya nyingine, zilikuwa na ukungu. Kwenye hii ua la shada lilikuwa wazi hata ukaona mishipa ya petali, na uso wa Sabrina umeyeyuka. Kwenye ile nyuzi za mkeka zilihesabika, na watu wote ni vivuli. Cornel akasimama kwenye picha ya bibi akicheka. Hina ya vidole vya Sabrina ilikuwa kali kama imechorwa kwa kalamu. Juu yake kulikuwa na doa la zambarau, na ndani ya doa kitu cheupe, meno.

"Kitundu cha lenzi nilikuwa nimekiacha wazi kabisa," Cornel alisema. "Na sensa ya hii, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa. Vikikutana hivyo viwili, kinachotoka wazi ni kipande chembamba tu, kama unene wa kiganja. Mbele yake ukungu, nyuma yake ukungu. Ile yako hapo ingewasha flashi, ingebana kitundu cha lenzi, watu wote wangetoka. Labda si picha ya kupendeza sana, lakini wangetoka."

"Kwenye kioo zilionekana sawa."

"Kioo ni kidogo, Hashimu. Ilitakiwa uzikuze uzitazame." Kisha akaongeza, "Kamera yako inakufikiria. Hii inangoja uiambie. Ndiyo maana nilikwambia uje."

Hashimu aliichukua kadi akatoka. Njiani alijiambia atampigia Sabrina amweleze. Kisha akakumbuka kwamba ameshamwambia kadi imeharibika, na neno hilo lilikuwa limekaa pale tayari, halihitaji kuongezewa chochote. Akaliacha.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, kwa sababu hakuna aliyemlaumu. Sabrina alilia, kisha akamwomba yeye asijisikie vibaya. Mama mdogo alipiga simu kutoka Busi akasema vyombo vya siku hizi haviaminiki, na kwamba upande wa Halfani walipoanza kunung'unika yeye aliwajibu: mwanangu ni fundi, kadi ndiyo imemwangusha. Hashimu aliitikia, "Ndiyo, mama," na baada ya kukata simu alikaa na kifuniko cha lenzi mkononi, akikigeuzageuza, mteja wa pasipoti akimsubiri kwenye stuli.

Kisha Sabrina akaja studio mwenyewe, ametoka kazini, kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni. Mwajabu alikuwepo, akipanga fremu.

"Kaka, habari njema. Kuna mwenzangu kitengo cha kompyuta anafufua kadi zilizokufa. Nimemweleza kuhusu bibi, amesema ataifanyia kazi leo hii. Nipe kadi."

Hashimu akafungua droo, akaifunga. Akasema hakumbuki alipoiweka.

"Si hiyo hapo kwenye kopo la betri?" Mwajabu alisema, akaichukua akampa Sabrina.

Sabrina akaifunga ndani ya leso, kwa uangalifu kama mtu anayefunga dawa ya mgonjwa. Hashimu alipouona uangalifu ule alishindwa.

"Sabrina, kaa. Hiyo kadi haijaharibika."

Wanawake wote wawili wakamtazama. Akaeleza, macho yake yakiwa kwenye meza: kamera ya kuazima, asubuhi ambayo hakwenda kufundishwa, chumba chenye giza, ukungu. Akaeleza kwamba alizijua picha tangu wiki ile ya kwanza. Alipomaliza, Sabrina aliomba kuziona. Programu aliyopewa na Cornel ilikuwemo tayari kwenye kompyuta. Sabrina akazitazama zote, na alipofika kwenye doa la zambarau akakisogelea kioo, kama kwamba akikaribia ataona zaidi.

"Ungeniambia tu kuwa zimeharibika," alisema, "ningelia yakaisha. Wewe umeniacha nikusemee kwa watu. Mama amegombana na wakwe zangu kwa ajili yako."

"Nisamehe."

"Mimi na wewe tutaonana baadaye. Kwa bibi nenda mwenyewe, ukaseme kwa mdomo wako."

Alipoondoka, Mwajabu aliendelea kupanga fremu zilizokwisha kupangwa. "Na mimi pia hukuniambia," alisema mwishoni.

Hashimu akapanda basi la Kondoa, safari hii na kamera yake ndogo kwenye begi. Bibi Rukia alimpokea sebuleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeniletea picha?"

Akamweleza. Kwa Sabrina alikuwa ametumia maneno mengi ya sensa na lenzi. Kwa bibi yalibaki machache: kwamba aliazima kitu asichokijua, akaona aibu kuuliza, akaharibu, kisha akadanganya.

"Yule binti mwenye simu," bibi alisema. "Dada yake Halfani. Si ulimwambia aishushe?"

"Nilimwambia."

"Na yeye akashusha."

"Ndiyo, bibi."

Katika yote ambayo Hashimu alijilaumu kwayo, hilo alikuwa amelizunguka, hakuligusa. Simu ya Hamida, ya kawaida kabisa, ingempata bibi. Akatoa kamera yake kwenye begi.

"Nimekuja na yangu, bibi. Hii naijua. Nikupige hata sasa, hapo mlangoni kuna mwanga mzuri."

"Siku ile nilikuwa nimevaa," Bibi Rukia alisema. "Nilijiandaa tangu alfajiri. Leo si siku ile." Hakusema kwa hasira. "Rudisha kwenye begi. Na mama yako mdogo yuko uani na wenzake wanapukuchua mahindi. Mimi umeshaniambia. Kawaambie na wao."

Hashimu alisimama. Kutoka sebuleni hadi uani palikuwa karibu, lakini alifunga zipu ya begi polepole, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akatoka. Wanawake walimkaribisha kwa furaha, mama mdogo akamsogezea kigoda. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, na aliposema neno "nilidanganya" mikono yote ikasimama juu ya mahindi, isipokuwa ya mama mdogo, ambayo iliendelea kwa kasi zaidi, punje zikiruka nje ya ungo. Hakuna aliyemgombeza. Mama mdogo alisema tu, "Haya, tumesikia," akaingia ndani kumwandalia chakula, na chakula hicho Hashimu alikila chote bila kuinua uso.

Mwaka uliofuata mdogo wake Sabrina aliolewa. Walimwita mpiga picha kutoka Kondoa mjini. Hashimu aliletewa kadi ya mwaliko kama wageni wengine, na Mwajabu alimwambia si lazima aende. Akaenda. Alimsalimu Halfani, akamwomba Hamida radhi mbele ya mumewe, akabeba viti. Wakati wa picha ya ukoo alisimama safu ya nyuma, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Watu waliinua simu zao na yule mpiga picha akawaacha.

"Kaka mrefu kule nyuma," mpiga picha aliita, "sogea kidogo, nusu ya uso wako haionekani."

Hashimu akasogea.